Radhi ya Namba Kumi na Nne

Benchi lenyewe si benchi hasa. Ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na kitasa chake hakijang'olewa mpaka leo, kwa hiyo anayekaa katikati lazima ajue pa kujibana. Liko kwenye kona, ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, pale ambapo barabara itokayo sokoni inakutana na ile inayoteremka kiwandani. Kuanzia saa mbili asubuhi utawakuta hapo wenyewe: Kinyozi, ambaye hunyoa akiwa na mteja na hubishana akiwa hana, na mara nyingi hana, Betri, fundi wa redio, anayejua habari za kila kitu chenye waya na za vingi visivyo nao, na Wakili, ambaye si wakili hata kidogo, ila aliwahi kupiga taipu barua za watu nje ya mahakama, na huko akaokota vipande vya sheria na vipande vya methali akavitia mfuko mmoja. Kahawa ni ya Shangazi, shangazi wa watu wote ingawa hana mpwa hata mmoja, anayekaa kwenye kigoda chake mwisho wa benchi, birika likiwa juu ya jiko la mkaa. Wa nne kati ya wanaume hao ni Sikio, na habari hii ni yake.

Jina la Sikio alipewa na kazi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mgonga makopo katika kiwanda cha maziwa ya kopo. Wasioijua kazi hiyo huicheka, nao wamekunywa chai yao salama miaka yote kwa sababu yake. Kopo likishafungwa na kupikwa hupita mbele yako kwenye mkanda, nawe una kijiti cha chuma. Unagonga kifuniko, unasikiliza. Kopo zima hujibu ting, sauti nyembamba. Kopo lililoingiwa na hewa hujibu dub, kama mtu aliyeamshwa vibaya, nawe unalitupa kando. Zima unalipiga muhuri wa namba yako kwenye kitako, linakwenda zake. Sikio alikuwa Namba Kumi na Nne.

Muhuri huo haukuwa pambo. Kiwanda kilikuwa na desturi yake tangu kufunguliwa: mnunuzi akirudisha kopo bovu, msimamizi analipindua, anasoma namba, na mwenye namba anafunga safari. Anavua koti la kazi, anachukua kopo zima, analiviringisha kwenye gazeti, anakwenda kwa mguu wake mpaka nyumbani kwa mnunuzi kuomba radhi kwa mdomo wake. Sikio alikwenda mara nne tu katika miaka kumi na tisa. Mke wake husema anazikumbuka safari zile nne kuliko anavyoikumbuka harusi yao. Kwa mshonaji mmoja alisemwa mpaka majirani wakatoka nje. Nyumba ya pili hawakumfungulia, akaongea na mlango. Ya tatu ilikuwa nyumba yenye msiba, kopo lake lilifunguliwa mbele ya waombolezaji, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi, kwa kuwa hakuna aliyemkemea. Walimkaribisha tu akae. Ya nne alipokewa na bibi kizee aliyelichukua kopo, akaligonga kwa kucha, akasema hili sawa.

Miezi saba iliyopita ikaja mashine. Haina kijiti wala sikio. Inapiga kopo kwa kitu ambacho hakionekani, na inapitisha makopo mengi kabla wewe hujamaliza kupiga chafya. Wagonga makopo kumi na wawili waliobaki waliagwa siku moja, kwa hotuba nzuri na soda. Sikio alirudi nyumbani na kijiti chake mfukoni, na tangu hapo hajaacha kugonga. Anagonga sufuria, anagonga kopo la sukari, anagonga ukuta. Mke wake alivumilia mwezi wa kwanza.

Sasa mambo ya wiki hii. Siku tatu zilizopita, mafundi walisimamisha bango upande wa pili wa barabara, kubwa kupita kibanda cha Kinyozi mara tatu. Asubuhi benchi zima lilipokuja kuketi likakuta uso wa Sikio juu kule. Ni picha aliyopigwa zamani kwa ajili ya kalenda ya kiwanda: ameinamisha kichwa, kopo liko karibu na sikio, macho kayafumba nusu. Chini yake maandishi mekundu: NAMBA 14 AMELISIKIA KOPO LAKO. Kesho yake akaja dada mmoja wa matangazo kwa gari, mpole, na fomu mkononi. Kampuni inamtaka Sikio arudi. Atavaa koti jeupe, atazungushwa maduka yote makubwa, atagonga makopo mbele ya wanunuzi, na namba yake itachapwa kwenye kila kopo litokalo kiwandani. Makopo yenyewe yatakuwa yameshapimwa na mashine. Yeye atayagonga kwa ajili ya kuonekana tu. Akikubali atie sahihi. Jibu ni leo, saa nne.

Ilikuwa saa tatu na nusu, na fomu ilikuwa imekunjwa kwenye mfuko wa shati la Sikio. Ukweli ni kwamba kazi aliitaka. Aliitaka sana, mpaka aliona haya kuitaka hivyo. Mke wake alimwambia asubuhi, bila ukali, kwamba hajaombwa kuiba, ameombwa kugonga, na kugonga anagonga bure kila siku.

Shangazi akammiminia kila mtu kikombe cha kwanza. Kinyozi akaanza, kwa kuwa yeye ndiye mwenye ukuta walioegemea.

— Mimi ningetia sahihi jana. Uso wako uko kule juu, ndege wanatua juu yake. Bora ulipwe.

— Kule juu si mimi, Sikio akasema. Ni picha.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa, akasema Wakili. Na bango lile linaelea.

— Bango halielei, Wakili. Limesimama kwenye vyuma, akasema Kinyozi.

— Vyuma navyo vimeundwa. Methali imetimia.

Hakuna aliyeona faida ya kuendelea hapo. Betri alikuwa analitazama bango kwa jicho moja, jinsi anavyotazama redio iliyokataa kusema. Akamuuliza Sikio kama anakumbuka kisanduku kidogo cheusi kilichowekwa mezani pake mwaka wa mwisho. Sikio alikikumbuka. Waliambiwa ni cha kupima joto.

— Joto gani? Kile kilikuwa kinakusikiliza. Mwaka mzima unagonga, chenyewe kinajifunza. Ting hii, dub hii. Mashine ile haikusoma kiwandani kwao, bwana. Ilisomea kwako, wala haikulipa ada.

Hili lilimgusa Sikio, kwa sababu halikuwa la ajabu. Mengi ya Betri husahaulika kabla kahawa haijapoa, lakini kisanduku kilikuwepo kweli, na kipima joto ukutani kilikuwepo pia, tangu zamani, kikifanya kazi vizuri. Akanywa kahawa yake.

— Basi kama ni mwanafunzi wako, akasema Wakili, sheria iko upande wako. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mashine ni mtoto wako.

— Ana mtoto mashine sasa, Kinyozi akasema. Mkewe anajua?

— Nazungumza kisheria. Na tena, siku namba yako itakapochapwa kwenye kila kopo, kila kopo ni lako. Mwenye namba ndiye mwenye mali. Angalia gari: namba ya nani, gari la nani. Utakuwa unaingia dukani, unasema haya yote yangu, hamisheni.

Shangazi akacheka kwa pua. Akasema amewahi kuona wanaume wakilewa pombe, lakini kulewa kahawa ameona kwenye benchi hili tu.

Kinyozi hakutaka kupitwa. Yeye kinachomtia wasiwasi si mali, ni umri. Akaeleza taratibu, akipiga mkasi mtupu hewani: Sikio ana miaka hamsini na nne, namba haina miaka. Sikio ataugua, namba haitaugua. Ataitwa na Mungu siku yake, kama sote, na namba itaendelea kugonga.

— Watu watakuja msibani wakukute umelala. Wakitoka hapo waende dukani kununua maziwa ya chai ya msiba, wakukute uko kazini.

Hata Kinyozi mwenyewe alionekana kujuta.

— Hilo dogo, akasema Betri. Nyie mnafikiria mwanzo tu. Mashine inapika maziwa, sawa? Mashine inagonga. Bango lile nalo limechorwa na mashine, jamaa yangu wa mjini ameniambia hata yale maneno hayakuandikwa na mtu. Zimeanza kuja friji zinazoagiza vitu zenyewe vikiisha. Sasa hesabu. Mashine imetengeneza, mashine imetangaza, mashine imesoma tangazo, mashine imenunua. Mtu yuko wapi hapo?

— Mtu anakunywa, akasema Shangazi.

— Kwa sasa, akasema Betri.

Wakili alitaka kuleta methali, akaitafuta, ikamkimbia, akaleta nyingine. Alisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini kwa Sikio wahenga wameshindwa: yeye hayupo kiwandani na lake lipo. Akasema huo ni ushindi mkubwa, na mtu aliyewashinda wahenga asiogope karatasi. Akachomoa kalamu yake ya mfukoni, ile ambayo hamwazimi mtu, akampa.

Sikio akaichukua. Akaitoa fomu, akaikunjua gotini, akaisoma tena ingawa alikwisha kuijua kwa moyo. Hakuna mahali ilipomtaka aseme uongo waziwazi. Ilimtaka avae koti, agonge, atabasamu. Akawaza habari ya kuamka alfajiri na kuwa na pa kwenda. Miezi saba amekuwa akiamka saa ile ile, anavaa viatu, anakaa kitandani navyo.

— Niambie wewe, Shangazi, akasema. Hujasema.

— Mimi nasema kazi ni kazi. Utagonga makopo mazima yatoe ting, kwani kuna ubaya gani? Hata mimi kuna siku kahawa ni nyepesi, nawaambia karibuni kahawa.

Wote wakatazama vikombe vyao. Sikio akatabasamu, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akaiweka ncha ya kalamu kwenye mstari.

Hapo ndipo alipotokea mlinzi. Alikuja kwa kuteremka barabara ya sokoni, sare yake imekunjamana kama ya mtu aliyetoka zamu, mkononi ana mfuko wa nailoni. Hawakumjua. Alisalimia vizuri, akaitikiwa, akauliza kama hapa ndipo anapokaa Namba Kumi na Nne; mwenye duka amemwelekeza.

Kinyozi akaonyesha bango, halafu akamwonyesha Sikio chini yake, kama anayelinganisha kitambulisho na mwenye nacho. Mlinzi akatazama juu, akatazama chini, akaridhika. Akatoa kopo mfukoni.

— Samahani mzee wangu, sikuja kwa ugomvi. Mke wangu kanituma. Tumelinunua juzi, tukalifungia kabatini, leo tunalitoa limevimba. Na mke wangu ni mtoto wa mji huu. Anasema mama yake aliwahi kuletewa kopo na Namba Tisa, mpaka nyumbani, akaketi akanywa chai, wakawa marafiki. Kaniambia tafuta mwenye namba. Nisirudi bila jibu.

Sikio alilipokea kopo kwa mikono miwili. Kwanza aliligonga, maana mkono wake haukujua kufanya vingine. Aligonga kwa kifundo cha kidole, kwenye kifuniko kilichotuna. Dub. Kila mtu kwenye benchi alilisikia, hata wasiojua. Halafu akalipindua. Chini palikuwa na 14.

Alikaa akiitazama. Ilikuwa imechapwa vizuri, nyeusi, imenyooka. Muhuri wake haukuwa hivyo. Nne yake ilivunjika mguu mwaka wa tatu wa kazi na hakuomba mwingine. Juu ya namba palikuwa na tarehe ya kutengenezwa. Ya mwezi uliopita.

— Lakini hujatia sahihi, akasema Wakili polepole.

— Sijatia.

— Na mwezi uliopita ulikuwa hapa. Ulikaa hapo hapo ulipo.

— Nilikuwa hapa.

Wote walidhani, na Sikio zaidi ya wote, kwamba jambo lilikuwa linamsubiri yeye. Benchi zima lilikuwa limeshinda siku mbili likiamua, likimpa ushauri, likiona lina usemi. Kumbe makopo yalikuwa yameshafika kabatini kwa watu. Sikio alihisi uso unawaka moto, kama ule mwaka wa nyumba ya msiba, na tofauti ilikuwa kwamba safari hii hakujua aone aibu kwa lipi.

Akamweleza mlinzi, bila kujitetea, kwamba namba ni yake ila kopo hakuligonga yeye. Ana miezi saba hajaingia kiwandani. Mlinzi alisikiliza mpaka mwisho. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Akasema amemwamini, maana hata yeye kuna siku jina lake huandikwa kwenye daftari la lindo siku aliyokuwa mapumziko.

Gari la matangazo likafika saa nne kamili. Dada akashuka, akasalimia kila mmoja, akamwamkia Shangazi kwa kuinama. Ni vigumu kumchukia mtu wa namba hiyo, na hakuna aliyejaribu. Aliiona fomu gotini mwa Sikio na kalamu mkononi mwake, akafurahi. Halafu akaliona kopo.

Sikio alimwuliza kwa nini namba yake imechapwa kabla hajakubali. Dada akalichukua kopo, akasoma, akakunja uso. Alisema yeye anashughulika na mabango, si makopo. Huenda mashine ya kuchapa iliwekewa namba mapema, ili iwe tayari. Akaomba radhi kwa hilo, akasema atalifuatilia. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli kwa tabia, akaongeza jambo:

— Mzee wetu, naomba nikuambie na hili. Makopo mabovu ni machache sasa kuliko wakati wenu. Nimeziona hesabu. Mashine inakosea kidogo kuliko watu.

— Sikatai, binti, akasema Sikio. Mimi mwenyewe nilipitisha manne, ninayoyajua.

— Basi tuko pamoja.

— Tuko pamoja hapo.

Mlinzi alikuwa amesimama pembeni muda wote, kofia kwapani. Alikohoa kidogo, kama afanyavyo mtu kwenye ofisi ya watu. Dada akamgeukia, akamwambia ipo namba ya simu ya wateja nyuma ya kopo, apige, atahudumiwa. Mlinzi akasema alipiga tangu asubuhi. Iliitikia sauti nzuri, ikamwambia abonyeze moja, akabonyeza. Ikamwambia abonyeze nne, akabonyeza. Ikamwambia ahsante kwa kumwamini Namba Kumi na Nne, ikakata.

Kinyozi alitaka kucheka, akamwona Sikio, akaacha.

— Mimi sitaki mambo makubwa, akasema mlinzi. Kopo jingine nitanunua, si shida. Ila mke wangu ataniuliza, nami nimwambie. Mzee anasema hakuligonga, nimemwamini. Wewe dada unasema ni mashine, nimekuamini. Sasa aliyeligonga atakuja nyumbani lini?

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama anayetaka kujua awe nyumbani siku gani.

Betri, anayejua vyote vyenye waya, akaangalia mbele. Wakili alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe pale, akaufunga bila kutoa methali. Shangazi alikuwa ameinua birika kumimina, akalishusha. Dada akafungua faili lake, akapitisha kidole kwenye ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akalifunga.

Sikio akamrudishia Wakili kalamu yake. Akaikunja fomu kwenye mikunjo yake ya zamani, akampa dada.

— Nimekwenda kuomba radhi mara nne, akasema. Zote nne nilijua nimekosa nini, na niliporudi nililala. Ukiniwekea namba kwenye kila kopo, nitakuwa nadaiwa radhi na watu nisiowajua, kwa makosa nisiyoyafanya, na wewe hutaniambia hata nyumba. Hiyo siwezi, binti yangu. Koti ningevaa. Kugonga ningegonga, hata bure.

— Mzee, fikiria tena. Nafasi hii watampa mtu mwingine.

— Wampe. Ila namba iwe yake.

— Na nyumbani? Shangazi akauliza kwa upole. Mama watoto utamwambiaje?

— Nitamwambia mwenyewe. Atakasirika. Ana haki.

Mikono ilitafuta pa kukaa, akaiweka magotini. Ilimuuma. Mtu asidhani alifarijika. Alikuwa ameirudisha kazi pekee iliyokuja kumtafuta katika miezi saba, na alijua kesho ataamka saa ile ile na kuvaa viatu.

Dada hakuondoka. Dereva alipiga honi moja fupi, dada hakumtazama. Alikuwa ametoa simu na kuanza kutafuta jina la kumpigia, jibu la mlinzi lipatikane. Alipandisha majina, akayashusha, akasimama kwenye moja, akalipita. Mwisho akaiteremsha simu, akamgeukia Sikio, akauliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeuliza kwa ajili yake mwenyewe:

— Mzee, wakati wenu ikitokea hivi, mlikuwa mnamuuliza nani?

— Tulikuwa hatuulizi, akasema Sikio. Tulikuwa tunakwenda.

Mlinzi alihamishia kopo lake mkono wa pili, akaendelea kusubiri.